Filamu Zilizolipiwa kwa Asali

Baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha uhariri cha studio yetu hapa Cherkasy, Bi Motria Skliarenko anastaafu rasmi tarehe 31 Mei 2019. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa kuwa tuliajiriwa mwaka uleule. Walioniomba hawakujua kwamba miaka yote hiyo nimekuwa nikimwonea wivu, na sasa wamenipa kalamu.

Kazini alihariri tulichompa: habari za mavuno, ziara za wakubwa, na filamu zangu mimi. Siku za mapumziko alitengeneza zake, za historia ya Ukraine kama wanavyoikumbuka walioipitia, bila msaada wa mfadhili yeyote. Niwaeleze vijana jinsi jambo hilo linavyowezekana. Bi Motria anafuga nyuki nyuma ya nyumba. Miti ya akasia ikichanua vizuri, asali iliuzwa na filamu ikaendelea. Baridi ikiunguza maua, filamu ilisubiri.

Mimi nilikuwa na wafadhili. Nilikuwa na taa, dereva, na mtu wa kunishikia mwavuli. Mabibi wa vijijini walinivalia nguo za kanisani na kuniambia, "Tuliishi vizuri, mwanangu, tunamshukuru Mungu." Bi Motria yeye alifika na jembe, akachimba nao viazi hadi adhuhuri, kisha wakiwa wamekaa juu ya magunia walimsimulia mambo ambayo hata waume zao hawakuyasikia. Nilijaribu na mimi. "Lukian, weka jembe chini, utajikata," waliniambia, wakaniletea kiti.

Kazi yake kubwa ni filamu ya Pidhrushne, kijiji kilichozamishwa bwawa lilipojengwa kwenye mto Dnipro. Kabla ya maji kuja, wanakijiji waliamriwa wakate miti yao wenyewe. Baba wa mmoja wao, Bibi Yavdokha, aligoma kukata mti wake wa matunda, mpea. Jirani yao Panas, kijana wakati huo, ndiye aliyeukata. Tangu siku hiyo Yavdokha hakumsemesha, ingawa walihamishiwa mtaa mmoja. Mbele ya kamera ya Bi Motria, Panas alieleza yote, kisha akaomba jambo moja: Yavdokha aione filamu hiyo yeye Panas akiwa bado hai.

Akaja mfadhili kutoka Kyiv, tayari kugharimia kila kitu. "Ila kipande cha mpea tukitoe, mama. Watu wanataka kulia, hawataki kuona aibu."

"Kipande hicho ndicho filamu," Bi Motria akamjibu. "Mengine ni maji."

"Sasa utaimaliza kwa fedha gani?"

"Kwa asali."

Mimi ningetia sahihi kabla chai haijapoa. Yeye alikataa, na masika hiyo baridi ikaunguza akasia yote. Masika iliyofuata pia. Panas akaanza kutembelea mkongojo, na kila alipokutana na Bi Motria sokoni alimuuliza, "Nyuki wanasemaje, binti?"

Mwaka jana nyuki walisema ndiyo. Filamu ilionyeshwa mwaka huu, Jumapili ile baada ya Pasaka, siku ambayo sisi hula pamoja na wafu wetu makaburini. Watu wa Pidhrushne, ambao makaburi yao yako chini ya maji, huweka ufukweni mayai ya Pasaka wanayowapelekea wafu wao. Mchana huo walipitia kwanza kwenye ukumbi wa kijiji chao kipya, wakafunga mapazia na kutundika shuka ukutani. Panas alikaa mbele, peke yake kwenye benchi. Kilipofika kipande cha mpea, Bibi Yavdokha akainuka kutoka nyuma, akaja mpaka mbele.

"Sogea, Panas," akasema, "nami nikae."

Akatoa kwenye kitambaa yai alilokuwa akimpelekea baba yake, akamtia Panas mkononi.

Rafu yangu ya tuzo ni ndefu, na ninyi nyote mmeniona nikiipangusa vumbi. Lakini katika filamu zangu zote hakuna mtu aliyewahi kumwambia mwenzake asogee.

Bi Motria, ahsante kwa kazi uliyotufanyia sisi, na zaidi kwa ile uliyotuficha siku za mapumziko. Akasia ichanue kila masika, baridi ipite mbali na mizinga yako, na afya njema iwe nawe. Nami nikija na jembe langu, sogea kwenye benchi nami nikae.

Lukian Perepelytsia
Mtayarishaji Mwandamizi