Mnyororo wa Fundi Ildefonsi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi umeme aliyefariki kitandani mwake. Kwa kazi aliyoifanya, hilo si jambo dogo.

Ildefonsi Ntahomvukiye alizaliwa Kitanga, Kasulu. Tangu mwaka 1971 alitunza laini ya umeme ya hospitali moja ya misheni huko Kibondo. Umeme ulitoka kwenye mtambo wa maporomoko ukiwa na volti elfu tatu. Transfoma ya hospitali iliushusha hadi mia mbili na thelathini.

Kabla ya kupanda nguzo, aliunganisha mnyororo na chuma kilichochimbiwa ardhini, kisha akautupa juu uzifunge nyaya zote pamoja. Kila mara, hata mtambo ukiwa umezimwa.

Oktoba 1976 waya ulikatika. Mtambo ukazimwa. Bazilio, dereva wa misheni, alimpeleka kwenye nguzo.

"Mzee, wafunga waya kama mbuzi? Waya utatoroka?"

"Mbuzi haui, bwana. Nenda zako."

Bazilio akarudi hospitalini. Huko mama mmoja, Pelagia, alikuwa tayari mezani kwa upasuaji wa uzazi. Daktari akaagiza jenereta iwashwe. Bazilio akaiwasha, akasahau kuvuta swichi kubwa inayoitenga hospitali na laini.

Wasikilizaji, transfoma haina mbele wala nyuma. Ukiingiza umeme upande wa chini, inaupandisha. Volti elfu tatu zilirudi kwenye laini, na Ildefonsi alikuwa juu ya nguzo.

Mnyororo ukalia, ukatoa cheche. Umeme ukaenda ardhini. Jenereta ikakohoa, ikazimika, na chumba cha upasuaji kikawa giza.

Ildefonsi alishuka, akaufungua mnyororo, akakimbia mita mia tatu hadi hospitalini akiwa nao mkononi, akavuta swichi ile.

"Sasa washa."

Taa zikawaka. Pelagia alijifungua mtoto wa kike.

Bazilio anasimulia: "Nilingoja matusi. Akanipa mnyororo niushike. Ulikuwa bado una joto."

Mjane wa Ildefonsi, Mama Uwimana, anasema: "Kila asubuhi hakuulizia chai. Aliuliza mnyororo wake uko wapi."

Ildefonsi alifariki mwezi uliopita, Machi 1979, kwa maradhi ya kifua. Tunatoa pole kwa Mama Uwimana, watoto, na ndugu wote wa Kitanga.

Nawe msikilizaji, ukiambiwa leo kwamba umeme umezimwa, uliza: umezimwa upande gani?