Santiago Imeingia Bronx

Kijiwe chetu ni benchi la nje ya duka la Chago, Washington Heights, New York, na Ijumaa ile ya Kwaresima hakuna aliyegusa domino. Yokasta, binti wa Mireya wa ghorofa ya tatu, alisomea udaktari Santiago, kwetu Jamhuri ya Dominika. Miaka miwili mfululizo hospitali za Marekani zilimnyima nafasi ya mafunzo kazini, na bila hayo cheti chake ni pambo tu. Safari ya tatu, Jumatatu, barua ikamwambia amepata. Wapi? Huambiwi mpaka Ijumaa saa sita mchana. Mama yake alikuwa amepika sufuria la maharage matamu ya Kwaresima, yale ya maziwa na sukari, akakataza mtu kuonja kabla ya saa hiyo.

Fausto amesukuma vitanda vya wagonjwa miaka thelathini, basi anajiita Profesa.

— Wanatazama chuo, si mtoto. Kompyuta inayogawa nafasi ikiona Santiago, inatema.

— Mbona Jumatatu haikutema? akauliza Eligio, dereva wa teksi tunayemwita Wakili kwa ubishi wake.

— Imemeza shingo upande. Watamtupa Alaska akatibu dubu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapo, Profesa?

Wakili naye akadai wakubwa wa hospitali hutazama kwanza picha za madaktari wa zamani ukutani. Babu yako asipokuwemo, huna chako. Na siku ukitaka kubobea kwenye tiba ya moyo, wanafukua faili upya. Mimi nilikuwa nikimwona msichana yule akiwatoa watu damu ya vipimo kliniki mchana kutwa, jioni anasomea kwenye ngazi. Niliogopa atatupwa mbali, sifichi.

Saa sita na dakika mbili, Mireya alitokea dirishani akipiga sufuria kwa mwiko. Yokasta akashuka pekupeku, analia huku anacheka.

— Bronx, hapo ng'ambo ya mto, alisema. Hospitali ile ile niliyoiandika ya kwanza kwenye orodha.

Tulishangilia mtaa mzima ukasimama. Profesa akaapa kwamba alijua tangu Jumatatu. Maharage yakagawiwa, na ubishi wa vyuo ukaanza upya, mpaka mpangaji mpya aliyefuata mkate dukani akauliza, bakuli mkononi:

— Kwani madaktari wenu nyinyi walisomea wapi?

Profesa na miaka yake thelathini hakuweza kutaja chuo cha hata mmoja.

Wakili akamsogezea Yokasta nafasi kwenye benchi.

— Wangu anaanza kazi Julai, alisema. Kasomea Santiago.