Murshid Kapanda au Kashuka?

Pale Sanyuanli, Uchina, mbele ya ofisi ya kusafirishia mizigo, palikuwa na ubao uliolazwa juu ya marobota mawili ya jinzi za Xintang. Waswahili walijipanga juu yake kila asubuhi kabla ya kwenda kugombana na bei. Mbarak wa Unguja, waliyemwita Birika, ndiye aliyechemsha kahawa, chungu kama kesi ya mirathi. William wa Mwanza, mfanyabiashara wa betri na tochi, aliitwa Betri. Macharia wa Nairobi aliitwa Kontena, maana kila ahadi yake ilianza na "kontena yangu ikifika". Lakini mwenye kijiwe hasa, msimu ule wa joto, alikuwa Abdulwakil wa Tanga, kwa sababu ya mpwa wake Murshid. Kijana alikwenda Marekani kusoma, wenyeji wakaona anavyorusha kitu, wakamsajili kurusha mpira wa besiboli. Timu kubwa ilikuwa bado haijamchukua. Alikuwa kwenye timu ndogo za kulelea vijana, zenye madaraja ya A moja, A mbili na A tatu. Kila Jumatatu Abdulwakil alimpigia simu, akarudi kijiweni na habari za daraja na namba inayopimia urushaji wake. Hakuna hata mmoja pale aliyewahi kuona besiboli ikichezwa, na hakuna aliyekosa la kusema.

Jumatatu moja Abdulwakil alitoka duka la kupigia simu akijipangusa jasho.

— Haya, mjomba wa bingwa! Betri alimdaka. Lete habari.

— Wamemtoa A mbili. Wamempeleka A moja.

Hata Birika aliacha kumimina.

— Basi kashuka, alisema. Pole, sheikh.

— Kashuka wapi? Betri akasimama. Nyie bidhaa hamzijui. Betri ya A tatu ndogo, kama kidole cha mwisho. Ya A mbili imeizidi. A zikipungua, betri inanenepa! Sasa hiyo A moja si itakuwa kama gunzi la mhindi? Kijana kapanda!

— Lakini mwenyewe aliniambia njia ya timu kubwa inapitia A tatu...

— Muuzaji akikutajia bei, unakubali palepale? Mpanda ngazi hushuka, kwa hiyo anayeshuka ndiye anayepanda. Wahenga hawakuwa wajinga.

Abdulwakil alijua maneno yale hayana miguu. Lakini moyo wake, uliokuwa umejikunja tangu dukani, ulianza kukunjuka. Alitamani sana Betri awe amesema kweli.

— Na ile namba yake? aliuliza Kontena. Si wiki jana ilikuwa mbili na kitu?

— Leo saba.

— Saba! Wasee, kutoka mbili hadi saba! Hata dola haipandi hivyo. Kontena yangu ikifika, huyo kijana namtumia viatu.

— Vya soko la Guangyuan? Birika alicheka. Vitaachia soli kabla hajainua mkono.

— Sikilizeni, Betri aliendelea, sasa akiwa amepata mvuke. Wanamficha. Hamjaona laoban mwenye duka anavyofanya? Mzigo mzuri kausukuma chini ya meza, ukiuliza anakwambia "mei you", hakuna, kumbe anamngoja mteja mkubwa. Murshid yuko chini ya meza!

— Ili fainali ikifika wapinzani wasimjue, akaongeza Kontena. Atashuka na helikopta.

— Mimi naona wamegundua ni mtu wa Tanga, alisema Birika. Mtu wa Tanga akirusha kitu, hakijarushwa hivihivi. Wamemtenga kwanza wakague hirizi.

Wakacheka mpaka ubao ukayumba. Abdulwakil naye akacheka, na katika kucheka akaamini.

— Samaki mkunje angali mbichi, Betri alihitimisha, na hakuna aliyejua samaki kaingiaje. Sasa mpigie dada yako Hafidha. Leo Tanga waamke na pilau!

Abdulwakil alikuwa ameshainuka. Kwenye ncha ya ubao alikaa Odilia, mama wa Bukoba aliyefika mjini juzi kununua nguo za watoto, akisubiri ofisi ifunguliwe. Alikuwa akipuliza kahawa yake kimya tangu mwanzo.

— Samahani, kaka yangu, alisema. Huyo kijana mwenyewe alisikikaje? Ana furaha au ana huzuni?

Wote wakamgeukia Abdulwakil, maana ndiye aliyeshika simu. Alikuwa ameuliza daraja, akauliza namba, akasema "kaza buti, mwanangu". Kijana alianza kusema "Mjomba, mimi...", lakini mita ya simu ilikuwa inakimbia, Abdulwakil akakata.

Hakuaga. Alirudi dukani karibu kukimbia.

— Murshid, ni mimi tena.

— Umesahau kitu, mjomba?

— Nimesahau. U mzima?

Alimsikia kijana akivuta pumzi.

— Kiwiko, mjomba. Hakikunjiki. Nakula kwa mkono wa kushoto.

— Na ile saba?

— Ni pointi wanazonifunga. Ikipanda, nimeharibu. Hii A moja ni kurudishwa nyuma. Kesho naonana na daktari, na naogopa wataniambia basi. Mama hajui. Mwambie wewe. Mimi nimeshindwa.

Abdulwakil alitafuta methali. Maisha yake yote hazikuwahi kumpungukia, lakini siku hiyo hata moja haikuja.

— Umekula nini leo? aliuliza.

— Wali na maharage.

— Nani kapika?

— Mwenyewe.

— Kwa huo huo wa kushoto?

— Wali umeungua, mjomba, kijana alisema, akacheka kidogo, halafu kicheko kikageuka kilio. Abdulwakil aliipa mita kisogo. Hakusema kitu ila "nipo, mwanangu, nipo", mpaka kilio kikaisha chenyewe.

Aliporudi kijiweni, birika lilikuwa tupu na Odilia ameshaingia ofisini.

— Vipi, imefika nane? aliuliza Kontena.

— Kiwiko kimeharibika. Kesho anaonana na daktari. Muombeeni.

Walisogeleana, watu wazima watatu juu ya jinzi za watu. Betri ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

— Sasa, kiwiko kwa kawaida ni kama bawaba ya...

— William, alisema Abdulwakil.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. Betri akaketi.

— Na Hafidha je? Birika aliuliza kwa sauti ya chini. Utamwambia kapanda au kashuka?

— Nitamwambia mwanawe anaumwa, alisema Abdulwakil, akageuka kurudi dukani.