Mwalimu Sada Tawakali na Maua Yake ya Miyaa

Leo, Ijumaa ya tarehe 26 Novemba 1999, Mwalimu Sada Idd Tawakali anastaafu. Ameitumikia chekechea yetu ya hapa Pande tangu Januari 1975. Watoto wake wa mwanzo sasa wanaleta watoto wao, na wengine wakikutana naye barabarani bado huficha nyuma ya mgongo mikono yenye uchafu.

Alianza kama mlezi, enzi ushirika wa akina mama, ulioiendesha shule, ukiwa na nguvu, uji unapikwa kwenye sufuria moja kubwa na watoto wanakaa juu ya mikeka. Akaenda mafunzo Lindi, akarudi mwalimu. Ushirika ulipodorora na posho ikakatika, wenzake walikwenda kuuza vitenge. Yeye alibaki, akapita nyumba kwa nyumba kuomba unga, na shule haikufungwa.

Niseme mapema: Mwalimu Sada ni mwoga. Sijapata kuona mtu mwoga kama yeye. Kila asubuhi alikung'uta mikeka yote akitafuta nge. Uji aliuonja yeye kwanza, akasubiri, ndipo watoto wanywe. Aliwahi kumzuia mlangoni mgeni mzito kutoka wilayani kwa sababu alikuwa anakohoa, akampa kiti nje, kwenye upenu. Sisi walimu vijana tulimcheka, tukamwita Mama Hofu. Alijua, na hakujali.

Kilichomsahaulisha woga ni mapambo ya mahafali tu. Kila Novemba alichemsha miyaa ya kusukia mikeka na rangi za dukani mpaka vidole vikawa vya zambarau, akasuka maua mapana kama nyungo, akayatundika ukutani. Aliyatundika chini, usawa wa macho ya mtoto, maana alisema sherehe ni yao, si yetu sisi tunaokalia viti.

Mwaka 1994 maduka yalishajaa vitu vya nje, na chekechea ya mtu binafsi iliyofunguliwa jirani ilipamba kuta zake kwa maua ya plastiki kutoka Dar es Salaam. Wazazi wakaanza kunong'ona. Mwalimu Sada aliona watoto wanamponyoka, akaamua kwamba mwaka ule maua yake lazima yang'ae. Katikati ya kila ua akaweka turituri, zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi ambazo bibi zetu walizitunga kama shanga. Kila mtu hapa pwani anajua kuwa turituri ikitafunwa inaua. Siku nyingine angezitoboa na kuzishona kwa uzi, lakini muda ulimbana, akazigandisha kwa uji mzito wa unga wa muhogo, kama tunavyogandisha tiara za watoto za kurusha. Uji ule ukikauka hubanduka, na mtoto wa huku, aliyekulia makopa ya muhogo mkavu, hawezi kuuona asiulambe.

Asubuhi ya mahafali wazazi walikuwa wamekwisha kaa. Nilimkuta Mwalimu Sada amesimama mbele ya ua la karibu na mlango, hatikisiki. Ua halikuwa na kiini. Nilitazama sakafuni, sikuona hata mbegu moja. Nilidhani atapiga kelele, lakini aliwageukia wazazi na kusema:

"Wazazi wangu, nimekosa. Nimetia turituri kwenye maua, na kuna mtoto amezichukua. Naombeni mtu asisogee. Mtoto asitishwe."

Alijua kwamba mtoto akishtuka atauma meno. Basi akawakusanya watoto wote, na kofia zao za karatasi kichwani, akawaimbisha wimbo wa vifaranga, ule wa kuachama midomo kungoja chakula. Midomo ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Anjelina, binti wa Sipriani Likwata mnunuzi wa ufuta, hakufungua wake. Mashavu yalikuwa yamejaa.

Baba yake aliinuka, mkono uko kwenye mkanda. Sipriani ni pande la mtu, na siku zile hakuna aliyemwambia kaa akakaa. Mwalimu Sada hata hakugeuka.

"Kaa chini, Baba Anjelina. Kaa, babaangu, nakuomba. Akikuogopa atatafuna."

Sipriani alikaa. Akautoa mkono kwenye mkanda.

Mwalimu akapiga magoti mbele ya mtoto, akatandaza kiganja, akaendelea kuimba peke yake. Aliimba mpaka sauti ikakauka. Anjelina alimtazama baba yake, akatazama kile kiganja, akamtazama tena baba yake. Mimi nilikuwa nasali kimoyomoyo, nachanganya sala. Mwishowe mtoto aliinama akazitema moja moja, zimelowa mate, nzima.

Lakini je, zote? Hakuna aliyejua zilikuwa ngapi. Mahafali yakaahirishwa, Anjelina akapelekwa zahanati, na Mwalimu Sada akakaa sakafuni kando ya kitanda chake. Hakula. Mtoto akijinyoosha tu, yeye anashtuka. Hakuondoka mpaka mganga wa zahanati alipothibitisha kwamba hatari imepita. Kutoka pale alikwenda moja kwa moja shuleni, akang'oa viini vya maua yote na kuvitupa kwenye shimo la choo. Baadhi ya wazazi waliwahamisha watoto wao mwaka ule. Sipriani hakumhamisha wake, na baadaye alituletea na mdogo wake Anjelina.

Tangu hapo viini vya maua yetu ni vitambaa vya kanga vilivyoshonwa kwa uzi wa nyavu. Mtoto akivuta mpaka kesho, havitoki.

Aliposikia naandika wasifu huu, nilidhani ataniomba niiruke habari hii. Aliniambia niiandike yote, kwa sababu turituri bado anaziona kwenye mapambo ya watu.

Kuanzia mwaka huu kuta ni zangu. Maua mnayoyaona leo nimeyasuka mimi, na tangu jana navuta kila kiini, naondoka, narudi navuta tena. Nilimweleza kwamba woga wake umenihamia, sijui nitafundishaje na moyo wa namna hii. Alicheka, akanishika mkono.

"Ndiyo maana nakuachia, mwanangu. Ungekuwa huogopi, ningebaki."

Mwalimu Sada, ahsante kwa kila mtoto uliyemrudisha kwao mzima. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, na wajukuu wa kukusumbua. Nenda ukapumzike, ulale usingizi mzito. Hofu tuachie sisi.

Valeria Laurenti
Mwalimu mwenzake