Mrefu wa Mtoni Ahamia Kanisani

Haya kanisimulia Crispina mwenyewe, juzi tukichambua mchele wa sikukuu. Alikuwa ndiyo kwanza ameosha vyombo vya mchana, simu ikalia.

CRISPINA: Haloo? Nani mwenzangu?

VICO: Mimi, dada. Vico. Umekula?

CRISPINA: Nimekula nyama ya adobo. Ukianza kuniulizia chakula, una shida. Sema.

VICO: Nataka Jomar.

CRISPINA: Mrefu wangu? Timu yangu ya kikapu ya Mtoni nibaki na nani, kuku?

VICO: Subiri — tunabadilishana timu tatu. Jomar aje kwangu Kanisani. Mchezaji wangu Undo aende Sokoni. Sokoni wakupe Bitoy, yule asiyekosa kikapu hata akisukumwa.

CRISPINA: Na Sokoni wamekubali?

VICO: Tangu asubuhi. Umebaki wewe tu.

CRISPINA: Miaka saba unafika fainali, miaka saba unarudi —

VICO: Nalia, najua! Nimekosa mtu mrefu tu, dada. Kombe ningelishika.

CRISPINA: [anacheka] Akili hii si yako. Nani kakupangia?

VICO: Liezel. Kakaa na karatasi siku mbili. Hata sikujua binti yangu anapenda mpira hivyo.

CRISPINA: Mpira. Ehee.

VICO: Nini?

CRISPINA: Hamna. Ile kanuni ya mkuu wa kijiji unaikumbuka? Mchezaji hulala mtaa anaouchezea mpaka sikukuu iishe. Jomar atalala wapi?

VICO: Si kwangu? Nyumba ina —

CRISPINA: Haloo?

VICO: Dada... Liezel na Jomar?

CRISPINA: Mtandao unakwaruza, sikusikii.

VICO: Unanisikia sana!

CRISPINA: Basi tuache. Mwaka wa nane ulie tena, tumeshazoea.

VICO: Ngoja, ngoja! Aje. Lakini analala sebuleni, na mimi natandika mkeka mlangoni kwa Liezel. Macho kodo.

CRISPINA: Wewe? Kimbunga kiling'oa bati, ukaamka asubuhi unauliza jua limeingiaje.

VICO: Safari hii silali! Hata usingizi wa mchana nimeuacha. Hapa nimejinyoosha kidogo tu, na macho yangu ko...

CRISPINA: Vico?

VICO: [anakoroma]

CRISPINA: Jomar, kijana, toka huko nyuma ya mlango. Fungasha. Mlinzi keshalala.