Wote Wamepata Mia

Nyuma yangu, kwenye Hiace ya kutoka Njombe kwenda Makambako, dada mmoja alikuwa akimweleza mzee wa kiwanda cha chai kwamba yeye ndiye aliyetengeneza lile somo la usalama wa mashine la kwenye simu. "Wote mmepata mia," alisema, kwa furaha iliyonitia huruma.

"Mwanangu, aliyejibu ni Romanus, karani wetu. Simu ya maana anayo yeye tu. Alitujibia wote ishirini."

"Kwa hiyo baba, somo hukuliona?"

Mzee akatoa mkono mfukoni. Ulikuwa umebaki na vidole viwili. "Niliiona mashine yenyewe."

Dada aliutazama ule mkono. "Hakuna aliyewauliza mnasomaje?"

"Ofisini kwenu walipiga simu. Waliuliza kama tumemaliza."

Gari likasimama Makambako. Tulishuka wote isipokuwa dada, aliyebaki kitini akilifungua upya somo lake kwenye simu.