Herufi Moja ya Mpiga Chapa

Marehemu mzee wetu, ambaye kazini walimwita Vidole, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi makanika na mama muuza maziwa.

Alisoma mpaka darasa la saba, shule ikaishia hapo. Kupiga chapa alijifunza kwa mashine ya mjomba wake isiyo na utepe wa wino. Herufi hakuziona, alisikiliza mlio tu.

Mwaka 1974 aliajiriwa makao makuu ya muungano wa kijeshi wa nchi tano, ghorofa ya tatu, chumba namba 14. Mwaka 1987 wakubwa walikuna vichwa juu ya nchi moja ya mbali iliyokuwa ikiinukia, kila kukicha inaunda manowari. Wengine walitaka meli ziende zikawatishe. Wengine walisema ya mbali hayatuhusu. Mwisho wakakubaliana kuandika barua: "Kabla mambo hayajaharibika, tuonyane." Marehemu akapiga: "tuonane." Ikasainiwa, ikaenda. Baada ya wiki tatu jibu likaja: "Tumekubali. Lini na wapi?"

"Vidole, umetuuza kwa herufi moja!" Kanali alifoka.

"Samahani, afande. Lakini mtu hujamwona hata uso, utamwonyaje akusikie?"

Ikabidi waende, maana kukataa kungekuwa aibu. Wakaonana. Meli zikabaki bandarini. Waliporudi hakuna aliyemshukuru. Alihamishiwa stoo ya karatasi, peke yake, miaka kumi na moja, mpaka akastaafu. Hata chai waliiacha mlangoni.

Alikuwa amefunga ndoa tarehe 14 Julai 1979 na mshonaji wa magwanda wa jengo hilohilo, wakajaliwa binti mmoja. Alipomwambia mkewe kwamba kidole kiliteleza, mama alicheka sana: "Kidole chako hicho? Mbona hakijawahi kuteleza kwenye barua za mama mkwe wako?"  Swali hilo hakumjibu mtu yeyote, maisha yake yote. Mama alitutoka mwaka 2009. Tangu hapo marehemu alikuwa akiweka vikombe viwili mezani, akisema nyumba isije ikazoea.

Mwezi Februari mwaka huu moyo ulianza kumsumbua. Binti yake, anayefanya kazi ng'ambo, alipiga simu kila Jumapili: "Baba, punguza chumvi. Baba, usipande ngazi."

"Mwanangu, kuonyana tumeonyana vya kutosha. Lini tutaonana?"

"Jumamosi, baba."

Alhamisi, tarehe 5 Juni 2025, saa tisa alasiri, jirani yake fundi viatu alimkuta kitini, ametulia, shati limepigwa pasi, vikombe viwili mezani. Binti alifika Jumamosi, kama alivyoahidi. Binti mwenyewe ameomba hili liandikwe, lisifichwe.

Ameacha binti huyo, wajukuu wawili, mdogo wake wa kiume, na ile mashine isiyo na utepe.

Aliyechapa ratiba hii ya mazishi ameombwa asiongeze herufi hapa: Baba, pumzika salama. Tutaonana.